Hugo Borchardt na Bastola Yake

Siku moja darasani, tulipokuwa tukisoma habari za vita vya Mengo vya Januari 1892, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, hiyo bombomu ya Lugard ilikuwa na nini ndani yake hata ikapiga mfululizo bila ya kujazwa na mtu?" Nikamjibu kwamba ilikuwa mashine, nayo ilipiga upesi sana. Jibu hilo halikuwa jibu. Yeye alilijua, nami nililijua. Jioni ile nilianza kutafuta vitabuni, na katika kutafuta huko nikakutana na fundi mmoja ambaye jina lake sikupata kulisikia kabla ya hapo, ijapokuwa kazi ya mikono yake imeenea duniani kote. Jina lake ni Hugo Borchardt. Ndiye aliyeuchukua ufundi uliokuwa ndani ya bombomu akauingiza katika bastola. Nitawasimulia habari zake, kwa kuwa zina mafunzo mawili: la kwanza ni jepesi kulisema, na la pili ni zito.

Kwanza yatupasa tujue bastola zilikuwaje kabla yake. Iliyosifiwa kupita nyingine ilikuwa ile ya Samuel Colt wa Marekani, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1836. Bastola hiyo ilikuwa na kigurudumu chenye matundu matano au sita, na kila tundu lilitiwa risasi moja. Nguvu ya kukizungusha kigurudumu ilitoka katika kidole cha mpigaji mwenyewe. Risasi zikiisha, ilimpasa mtu ajaze tundu baada ya tundu, hali adui yake hamngojei. Mafundi wengi walitamani kutengeneza bastola ambayo ingejijaza yenyewe baada ya kila pigo, lakini walikuwa na kizuizi kimoja kikubwa, nacho ni baruti. Baruti nyeusi ya zamani ilitoa moshi mwingi na kuacha masizi mazito. Chombo chenye vyuma vidogo vidogo vinavyopishana kikipakwa masizi hayo hukwama baada ya mapigo machache. Mwaka wa 1884 mwanakemia wa Ufaransa, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi, na yenye kuacha uchafu mdogo sana. Hapo njia ikafunguka.

Mwaka uo huo wa 1884, Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alikuwa akiionyesha bombomu yake. Kila aliyepata kupiga bunduki ajua kwamba risasi ikienda mbele, bunduki nayo hurudi nyuma ikampiga mtu begani. Watu walikuwa wamelivumilia teke hilo kwa karne nyingi. Maxim aliona kwamba teke ni nguvu inayopotea bure, akaitia kazini. Teke likatoa ganda tupu, likaingiza risasi mpya, likautayarisha mtambo upige tena. Na hayo yote yakafanyika upesi kuliko mtu awezavyo kuhesabu.

Lakini palikuwa na hatari. Nyuma ya kasiba ya bunduki pana kizibo, mfano wa mlango, ambacho hupokea nguvu yote ya baruti. Mlango huo ukifunguka mapema mno, moto humrukia mpigaji usoni. Usipofunguka kabisa, ganda tupu halitoki. Basi yatakiwa mlango uwe imara kama mwamba kwa muda mfupi sana, kisha ulegee wenyewe. Ili kulitimiza hilo, Maxim aliiga goti la binadamu.

Mtu aliyesimama, mguu wake umenyooka, aweza kuchukua gunia la mahindi begani wala goti lisipinde. Lakini mwenzake akija kwa nyuma akamgonga kidogo penye kikunjo cha goti, kama wanafunzi watundu wafanyavyo katika mstari wa asubuhi, goti hukunjika mara moja, naye huanguka pamoja na gunia lake. Vivyo hivyo vipande viwili vya chuma vilivyoungwa kwa bawaba. Vikinyooka huzuia nguvu kubwa. Vikiguswa penye kiungo hukunjika. Goti la chuma la namna hiyo ndilo lililokuwa ndani ya bombomu ya Lugard pale Mengo. Nayo ilikuwa bombomu kuukuu, iliyokwisha kukatiza bara la Afrika pamoja na Stanley katika safari yake ya miaka ya 1887 hadi 1889. Hilo ndilo jibu ambalo mwanafunzi wangu alistahili kupewa siku ile.

Sasa tumgeukie Borchardt. Alizaliwa mjini Magdeburg, Ujerumani, mwaka wa 1844. Akiwa bado kijana alihamia Marekani, na mwaka wa 1875 akawa raia wa huko. Alikuwa mtu wa kuhama kutoka karakana moja hadi nyingine. Alifanya kazi katika kampuni ya cherehani ya Singer, akafanya kazi kwa watengenezaji wa bunduki Colt na Winchester, na kwa muda mrefu zaidi katika kampuni ya Sharps. Huko Sharps alibuni bunduki iliyoitwa Sharps-Borchardt ya mwaka wa 1878, nayo ikasifiwa kwa shabaha yake. Lakini sifa ya bunduki haikuiokoa kampuni, ambayo ilifungwa mwaka wa 1881. Borchardt akafunga mizigo yake akavuka bahari, akaajiriwa katika kiwanda cha silaha cha Budapest, Hungaria, na mwishowe akafika Berlin katika kampuni ya Ludwig Loewe.

Twaweza kudhani kwamba cherehani ilimfunza mengi. Katika cherehani, sindano, uzi na kitambaa sharti vikutane kila kimoja kwa wakati wake. Kimoja kikichelewa, uzi hukatika. Bastola ya kujijaza yataka mapatano hayo hayo. Ganda tupu sharti litoke kabla risasi mpya haijapanda, na mlango ufungwe kabla nyundo haijapiga. Mtu aliyezoea kuvipatanisha vyuma vya cherehani hakuwa mgeni katika kazi hiyo.

Mwaka wa 1893 Borchardt alipata hati ya uvumbuzi wa bastola yake, ijulikanayo kwa jina la C-93. Kabla yake mafundi wachache wa Austria walikuwa wamejaribu bastola za namna hiyo, lakini hazikutengenezwa kwa wingi. Ya Borchardt ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kadiri ya maelfu na kuuzwa kwa wateja. Mambo matatu katika bastola hiyo yalikuwa ya kushangaza kwa watu wa wakati ule.

La kwanza ni lile goti la Maxim, lililofanywa dogo hata likaenea katika chombo cha kushikwa mkononi. Bastola ilipopiga, kasiba na mlango vilirudi nyuma pamoja, goti likiwa limenyooka. Baada ya mwendo mdogo goti liligongwa, likakunjika kuelekea juu, na mlango ukafunguka. La pili ni mahali pa kuwekea risasi. Borchardt aliziweka risasi 8 katika kikasha chembamba kilichoingizwa ndani ya mpini wenyewe. Zilipokwisha, mtu alibonyeza kitufe, kikasha kikatoka, akasukuma kingine mahali pake. La tatu ni risasi yenyewe. Alitengeneza risasi mpya ya upana wa milimita 7.65, yenye baruti isiyo na moshi, na ganda lake lilikuwa na shingo kama chupa. Kwa kuwa lilikuwa halina ukingo uliotokeza kwenye kitako, risasi hizo zilipanda kikashani moja baada ya moja bila ya kunasana.

Walakini palikuwa na dosari, na dosari hiyo ilikuwa katika kamani. Goti likisha kukunjika, yahitajika nguvu ya kulinyoosha tena. Borchardt alitumia kamani ya kuviringwa, mfano wa kamani ya saa, akaifungia katika kibweta cha mviringo kilichotokeza nyuma, juu ya mpini. Basi mkono wa mpigaji ukawa katikati, na uzito ukawa pande mbili, mbele na nyuma, kama mchukuzi wa maji mwenye mti begani na ndoo kila upande. Mpini ulisimama wima, nao haukuufuata mwelekeo wa kiganja. Bastola ilizidi kilo 1 kwa uzito, na bei yake ilikuwa kubwa. Iliuzwa pamoja na kitako cha mbao cha kuungwa kwa nyuma, ikawa kama bunduki fupi, na kwa hakika ilipigika vizuri zaidi kwa namna hiyo kuliko kwa mkono mmoja. Lakini afisa aliyepanda farasi alitaka silaha ya mkono mmoja, maana mkono wa pili umeshika hatamu.

Mwaka wa 1897 bastola hiyo ilijaribiwa na jeshi la Marekani. Waliojaribu waliusifu ufundi wake, wala hawakuichagua. Jeshi la Uswisi nalo liliijaribu, likaona kwamba ni kubwa na nzito, likataka ipunguzwe. Waswisi hawakusema kwamba haifai. Walisema kwamba hivi ilivyo haifai. Kwa fundi, maneno hayo mawili hayalingani. La kwanza humfukuza, la pili humwita.

Borchardt hakuitika. Waandishi wa tarihi za silaha husimulia kwamba hakutaka kuibadili bastola yake, kwa kuwa aliiona kuwa imekwisha kukamilika. Yafaa tumfikirie kwa huruma kabla ya kumlaumu. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 50. Alikuwa amekipatanisha chuma na chuma mpaka vyote vikatii. Na mtu aliyefikia hapo huogopa kugusa kipande kimoja, asije akaviharibu vyote. Nani kati yetu hajapata kuandika insha, akaipenda, kisha akachukia kuiona imetiwa wino mwekundu? Hata hivyo wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Borchardt alikitaka cha mvunguni, lakini hakuinama.

Aliyeinama ni Georg Luger. Huyu alizaliwa mwaka wa 1849 katika nchi ya Tyrol, Austria, akatumika katika jeshi kabla ya kuingia katika kazi ya silaha. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ile ile ya Loewe, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuichukua bastola ya mwenzake na kuionyesha kwa wakuu wa majeshi ya nchi za nje. Kwa hiyo malalamiko ambayo Borchardt aliyapata kwa barua, Luger aliyasikia kwa masikio yake. Alimwona afisa akiishika bastola, akiipima, akikunja uso. Akayaweka yote moyoni.

Kampuni ilipoungana na nyingine mwaka wa 1896 ikaitwa kwa kifupi DWM, Luger aliendelea nayo, na kazi ya kuisahihisha bastola ikawa yake. Hakulitupa goti, kwa kuwa goti lilikuwa jema. Aliitoa ile kamani ya saa pamoja na kibweta chake, akatia mahali pake kamani ya ubapa iliyojificha ndani ya mpini. Mpini wenyewe akauinamisha, ukaupokea mkono kama unavyonyooshwa kwa kawaida. Risasi akaifupisha ili mpini upungue unene. Bastola iliyotoka mikononi mwake ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza na ililenga kama kidole kinavyoonyesha. Mwaka wa 1900 jeshi la Uswisi liliikubali. Jeshi la maji la Ujerumani likaikubali mwaka wa 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka wa 1908. Luger mwenyewe hakudai kwamba kazi imekwisha: mwaka wa 1906 hata ile kamani ya ubapa ilibadilishwa, ikatiwa nyingine ya kuzungushwa kama parafujo, iliyodumu zaidi.

Basi bastola za Borchardt zilizotengenezwa zilikuwa kadiri ya 3,000 tu, na zile za Luger zilipita milioni 2. Watu wakaziita kwa jina la Luger, na jina la Borchardt likafifia. Luger alifariki mwezi wa Desemba 1923, na Borchardt akamfuata mwaka wa 1924.

Ajabu ni kwamba jina lilipotea, lakini kazi haikupotea. Wakati Borchardt alipokuwa akikataa kubadili bastola yake, kiwanda cha Mauser huko Oberndorf kiliichukua risasi yake, kikaiongezea nguvu, kikaitumia katika bastola nyingine iliyotoka mwaka wa 1896. Bastola hiyo nayo ilibuniwa na ndugu watatu wa ukoo wa Feederle, lakini dunia yaijua kwa jina la mwenye kiwanda. Risasi ya Mauser ikawa mama wa risasi ya bastola ya Warusi, Tokarev. Ile risasi iliyofupishwa na Luger ilipanuliwa mwaka wa 1902 ikawa ya milimita 9, ikaitwa Parabellum, jina lililotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "jitayarishe kwa vita." Risasi hiyo ya milimita 9 ingali ikitumika kwa majeshi na polisi wa nchi nyingi mno. Tena, karibu kila bastola ya kujijaza itengenezwayo siku hizi ina kikasha chake cha risasi ndani ya mpini, pale pale alipokiweka Borchardt. Askari aonekanaye barabarani na bastola kiunoni amechukua wazo la mtu ambaye huenda hajapata kulisikia jina lake.

Nilipokwisha kuyajua haya nilirudi darasani nikawasimulia wanafunzi. Nilichora goti ubaoni, wakalielewa, wakacheka. Kisha yule mwanafunzi wa kwanza akauliza swali la pili: "Sasa mwalimu, tumsifu fundi huyu au tumlaani?" Kicheko kikaisha.

Funzo lile jepesi nilikuwa nimekwisha kuwapa: mwenye kazi njema asikilize wanaoitumia. Funzo zito ndilo alilolitafuta yeye. Tazameni vita vya Omdurman katika Sudani, tarehe 2 Septemba 1898. Kijana Mwingereza aliyeitwa Winston Churchill alikuwamo katika kikosi cha wapanda farasi. Bega lake lilikuwa na ulemavu wa zamani, kwa hiyo hakutumia upanga, alitumia bastola mpya ya Mauser, naye akatoka salama. Kwake yeye kazi ya mafundi ilikuwa neema. Lakini katika uwanja ule ule, mbele ya mizinga, bunduki na bombomu za Maxim, watu zaidi ya 10,000 wa upande wa Khalifa waliuawa asubuhi moja, na wa upande wa pili waliouawa hawakuzidi 50 au karibu ya hapo. Mashujaa wa Sudani hawakukosa ushujaa. Walikosa goti la chuma.

Miaka 16 baadaye, Novemba 1914, bombomu za jamii ile ile ya Maxim zilisikika pwani yetu, huko Tanga, Wajerumani na Waingereza wakipigana wao kwa wao, na Waafrika na Wahindi wakifa pamoja nao. Nchi zilizotengeneza vyombo hivyo kwa kuzipiga nchi za mbali zilikuwa zimeanza kuvitumia baina yao, na vita hivyo havikuisha ila mwaka wa 1918.

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi. Borchardt hakuwapo Mengo wala Omdurman, wala hakupiga mtu yeyote. Alikuwa mtu wa karakana, mwenye subira na akili kubwa. Akili hiyo yastahili heshima, kama vile akili ya atengenezaye saa au cherehani. Lakini fundi wa saa huulizwa tu kama saa yaenda sawa. Fundi wa silaha yampasa aulizwe jambo moja zaidi: itamwelekea nani? Waswisi walimwambia Borchardt kwamba bastola yake ni nzito. Wamarekani waliipima shabaha yake. Wanunuzi walilalamikia bei. Katika maswali yote aliyoulizwa, yaliyoandikwa vitabuni, swali hilo sikuliona.

Ninyi mtakaokuwa mafundi, wahandisi na wanasayansi mtaletewa kazi nyingi. Mtaulizwa kama kitu chaweza kufanyika, na kwa gharama gani, na kwa muda gani. Jibuni kwa ukweli, na mkisahihishwa, sahihisheni. Kisha lile swali ambalo Borchardt hakuulizwa, jiulizeni wenyewe kabla hamjaanza kazi.